Fundi wa Ogden na Njaa ya Mtunya

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani, Singida Mjini, na mchoro wa mradi wangu wa mwaka wa mwisho: mashine ndogo ya kukamua alizeti. Ili bei ishuke, nilikuwa nimeifuta kinga inayozuia mikono isifike kwenye gia. Jioni nilikuwa nasoma maisha ya John Moses Browning, na huyo ndiye aliyenivuruga.

Browning alizaliwa Ogden, Utah, Marekani, mwaka 1855. Baba yake alikuwa fundi bunduki, basi mtoto akakulia kwenye vyuma. Chuo kikuu hakukanyaga. Mwaka 1879 alipata hataza yake ya kwanza, ya bunduki ya risasi moja, na kampuni ya Winchester ikaja kuinunua. Mpaka anakufa alikuwa na hataza 128. Sisi tunahangaika na mradi mmoja!

Enzi hizo bastola nyingi zilikuwa za silinda inayozunguka. Hugo Borchardt alishatoa bastola ya kujipakia huko Ujerumani mwaka 1893, ila ilikuwa kubwa na inasumbua mkononi. Browning akatafuta njia rahisi. Baruti ikilipuka, nguvu ileile inayoisukuma risasi mbele inalisukuma ganda nyuma. Akaweka juu ya bastola kipande cha chuma kinachoteleza. Kikirudi nyuma, kinatupa ganda tupu. Springi inakirudisha mbele, na kikija kinabeba risasi mpya kutoka kwenye magazini iliyo ndani ya mpini. Mpigaji kazi yake ni kuvuta kifyatuo tu. Kwa anayesoma umakanika, ile ni kazi safi, tusidanganyane.

Kumbe baiskeli nayo imo kwenye kisa hiki. Mwaka 1897 kiwanda cha FN cha Herstal, Ubelgiji, kilimtuma mtu wake Marekani kuangalia utengenezaji wa baiskeli. Huko akakutana na Browning na bastola yake. FN wakaitengeneza kwa wingi: modeli ya 1900, milimita 7.65, risasi 7 kwenye magazini. Ikafuatiwa na modeli ya 1910, nyembamba, ya kuficha mfukoni.

Hiyo ya 1910 ndiyo aliyokuwa nayo Gavrilo Princip kule Sarajevo, tarehe 28 Juni 1914. Alikuwa na miaka 19, umri wa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Alimuua Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha enzi cha Austria na Hungaria, pamoja na mkewe Sophie. Vita vilikuwa na sababu nyingine nyingi, bastola peke yake haikuvileta. Lakini Agosti mwaka huohuo vilikuwa vimeshafika Afrika Mashariki.

Wajerumani, kisha Waingereza, wakachukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo. Ukame ulipoongezeka juu yake, Ugogo yote, pamoja na Manyoni ya mkoa wetu, ikaingia kwenye njaa inayoitwa Mtunya, kati ya 1917 na 1920. Watu walikufa kwa maelfu. Bibi yangu mzaa mama ni wa Manyoni. Mtunya haukumkuta, aliusikia kwa mama yake, lakini ukiutaja tu anaacha kupepeta na kuweka ungo chini.

Browning alifariki tarehe 26 Novemba 1926, kazini, ndani ya kiwanda cha Herstal, akiwa bado anabuni bastola nyingine. Simhukumu. Ninachosema ni kwamba kitu ukishakibuni kikatoka mkononi, kinafika kwa watu usiowajua, na springi haimuulizi mtu nia yake.

Kinga nimeirudisha kwenye mchoro. Bei imepanda na mwenzangu wa mradi kaninunia. Anune tu. Atakayeingiza mkono kwenye gia zile si yeye wala mimi, ni mama wa watu kule Iramba.