J.M. Kariuki: Aliyetakiwa Ajishtaki Mwenyewe ili Awe Huru

MSAFIRI wa barabara kuu ya Mombasa kwenda Nairobi hupita Mackinnon Road, mji mdogo ulio katika nyika ya Kinango, Kaunti ya Kwale. Wengi husimama hapo kuzuru msikiti na kaburi la Seyyid Baghali kando ya reli. Ni wachache wanaokumbuka kwamba mwaka 1954 bohari ya jeshi la Uingereza iliyokuwa hapo iligeuzwa kambi, wakafungiwa humo maelfu ya Waafrika ambao hawakuwa wamehukumiwa na korti yoyote.

Mackinnon Road ilikuwa kambi moja tu katika mlolongo mrefu. Miongoni mwa waliousimulia ulimwengu mambo ya mlolongo huo, jina la Josiah Mwangi Kariuki, ambaye Wakenya walimwita J.M., hutajwa mapema.

Alizaliwa Machi 21, 1929 huko Kabati-ini, karibu na Nakuru. Wazazi wake walikuwa wametoka Chinga, Nyeri, kutafuta riziki katika mashamba ya walowezi. Masomo ya sekondari aliyapata Uganda, katika King's College Budo, akarejea nyumbani mwaka 1952. Oktoba 20 mwaka huo Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari. J.M. alikuwa akiendesha mkahawa mjini Nakuru alipokamatwa mwaka 1953. Hakuachiliwa hadi mwaka 1960.

Katika miaka hiyo saba alihamishwa kutoka kambi hadi kambi. Alipitia Kowop katika jangwa la kaskazini, Langata, Manyani, Lodwar na kisiwa cha Saiyusi katika Ziwa Victoria. Kote huko hakuwa mfungwa kwa maana ya kawaida ya neno hilo, kwani hapakuwa na shtaka lililothibitishwa wala kifungo chenye mwisho. Amri ya Gavana ilitosha.

Mlango wa kutokea ulikuwa mmoja, nao ni kukiri. Waliozuiliwa walichujwa kwa rangi: weupe, wa kijivu na weusi, kwa kadiri walivyodhaniwa kuhusika na Mau Mau. Aliyeungama kwamba alikula kiapo, akataja waliomlisha na waliokula pamoja naye, alisogezwa hatua moja karibu na nyumbani. Aliyenyamaza alirudishwa nyuma, kwenye kazi ngumu na mapigo.

Hapo ndipo sheria ilipojigeuka. Kiapo hicho kilikuwa kosa, na kulisha wengine kiapo kungeweza kumfikisha mtu kwenye kitanzi. Mwafrika alitakiwa, basi, atoe kwa kinywa chake ushahidi wa kumtia hatiani, na kimya chake kilihesabiwa kuwa hatia.

Ajabu ni kwamba Waingereza wenyewe walikuwa wamelipinga jambo hilo kwao karne tatu kabla. Mwaka 1637 kijana wa London, John Lilburne, alikataa kula kiapo cha kujibu maswali mbele ya korti ya Star Chamber, akishikilia kwamba mtu hawezi kulazimishwa kujishtaki. Alichapwa viboko barabarani mwaka 1638, lakini mwaka 1641 Bunge liliivunja korti hiyo. Polepole ikawa kanuni katika nchi zinazofuata sheria ya Kiingereza kwamba mwenye kushtaki ndiye athibitishe. Maafisa waliokuja Kenya waliijua kanuni hiyo. Walichofanya ni kuwaweka watu mahali ambapo haikuweza kuwafikia, yaani nje ya korti.

J.M. alihesabiwa miongoni mwa wenye vichwa vigumu. Aliwafundisha wenzake kusoma, na akaandika barua za malalamiko zilizopenyezwa hadi Uingereza, ingawa zilimletea kipigo. Machi 3, 1959, watu 11 waliuawa kwa kupigwa katika kambi ya Hola, na fedheha iliyofuata Bungeni mjini London iliharakisha mwisho wa kambi hizo.

Mwaka 1963 alichapisha kitabu chake, Mau Mau Detainee. Humo alieleza waziwazi viapo alivyokula. Yale yaliyotafutwa kwa kiboko aliyatoa kwa hiari, akiwa mtu huru, kwa wakati aliouchagua.

Baadaye alikuwa katibu wa Mzee Jomo Kenyatta, Mbunge, kisha waziri msaidizi, na mtetezi wa maskini aliyewaudhi wakubwa. Machi 2, 1975 alionekana kwa mara ya mwisho jijini Nairobi. Maiti yake ilipatikana Ngong. Kamati ya Bunge ikiongozwa na Elijah Mwangale ilichunguza mauaji hayo, lakini hakuna aliyehukumiwa kwa kumuua. Waliotakiwa kusema, safari hii, walikuwa wenye mamlaka, nao wakanyamaza.

Katiba ya uhuru ilimlinda mshtakiwa asilazimishwe kutoa ushahidi katika kesi yake, lakini sheria ya mwaka 1966 ilirudisha kizuizi bila kesi. Ni Katiba ya 2010 iliyoziba ufa huo kwa upana zaidi. Kifungu cha 49 kinampa aliyekamatwa haki ya kunyamaza, na ya kutolazimishwa kukiri jambo litakalotumiwa dhidi yake. Kifungu cha 50 kinamruhusu kukataa kutoa ushahidi wa kujitia hatiani. Mwaka 2013 Uingereza nayo ilikubali kuwalipa fidia waathiriwa 5,228 wa mateso ya enzi hiyo.

Kijana anayekamatwa leo Diani au Msambweni, akakalishwa mbele ya meza ya mpelelezi, huenda hajui kwamba haki ya kufunga mdomo wake ina historia iliyopita karibu na kwao. Wapo wanaosema kwamba asiye na kosa hana la kuficha. Wazee waliopitia Mackinnon Road na Manyani walijua kwamba swali hilo huulizwa kwanza na mwenye kiboko mkononi.