Michael Wood: Daktari Aliyerudisha Nyuso za Watu



Katika kurasa za maisha ya watu mashuhuri tumezoea kusoma habari za maswahaba na wanazuoni. Leo nawaomba ruhusa nizungumze juu ya mtu ambaye hakuwa Muislamu wala hakuzaliwa Afrika. Sababu yangu iko mkononi mwangu, mkono wa kulia. Nilikuwa na umri wa miaka sita, ni Ramadhan, magharibi imekaribia na kila mtu jikoni ana haraka. Sufuria ya uji imeepuliwa sasa hivi na kuwekwa chini. Mlio na watoto wadogo mnajua kilichofuata. Nilipakwa unga, nikapakwa mafuta ya kupikia, nikapakwa dawa ya meno. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya, kila mtu alileta alichokijua. Kidonda kikapona, lakini ngozi ya kiwiko ikajikunja na kukaza, mkono ukawa haunyooki. Hata kusujudu nilikuwa nasujudu upande. Nilikaa hivyo miaka mingi mpaka nilipofanyiwa upasuaji.

Basi ndipo nikaanza kuuliza: hii kazi ya kuchukua ngozi ya paja na kuipanda kwenye kiwiko, ilianzaje huku kwetu? Kila nilipouliza na kila niliposoma, jina lililorudi ni moja, Michael Wood.

Kwanza tusafishe neno lenyewe. Ukisema upasuaji wa plastiki, watu hudhani ni plastiki ya ndoo na jerikeni inayotiwa ndani ya mwili, au hufikiria wacheza sinema wanaonyoosha pua. Sivyo. Neno limetoka kwenye Kigiriki, maana yake ni kufinyanga, kama mfinyanzi anavyofinyanga udongo. Daktari wa fani hii hurekebisha umbo lililoharibika: aliyeungua, aliyeng'atwa na mnyama, aliyezaliwa na mdomo wa sungura. Huo mdomo wa sungura si laana wala si jicho la mtu. Ni sehemu mbili za uso ambazo hazikuungana mtoto akiwa bado tumboni, katika wiki za mwanzo za mimba. Duniani huwapata watoto kama mmoja katika kila 700. Kushona mdomo hakuchukui muda mrefu, lakini mtoto asiyeshonwa hunyonya kwa taabu, na akikua huchekwa mpaka anajificha.

Wood alizaliwa Uingereza mwaka 1919, akasomea udaktari London. Akamuoa Susan, binti wa wamisionari, ambaye yeye alizaliwa Kongo, kwa hiyo Afrika aliijua kabla ya mumewe. Wood alikuwa na pumu, na baridi ya Uingereza yenye unyevu ilimtesa. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, miaka ya 1940 ikielekea mwisho, wakahamia Kenya kutafuta hewa kavu. Akafungua kazi ya upasuaji Nairobi. Mpaka hapo ni daktari kama madaktari wengine wa kizungu wa zama zile za ukoloni, na angeweza kuishia hapo: nyumba nzuri, wagonjwa wenye uwezo, na mshahara wake.

Kilichomgeuza ni kurudi shule akiwa mtu mzima mwenye kazi na watoto. Katikati ya miaka ya 1950 alikwenda Uingereza kujifunza kwa Archibald McIndoe, daktari wa kutoka New Zealand aliyekuwa na jina kubwa katika fani hiyo. Huyu McIndoe lazima nimweleze kidogo. Wakati wa vita alikuwa katika mji mdogo unaoitwa East Grinstead, akitibu marubani walioungua ndege zao ziliposhika moto. Vijana wa miaka 20 au 22, hawana kope, hawana pua, vidole vimeshikana. McIndoe aliona kwamba marubani walioangukia baharini vidonda vyao vilipona vizuri kuliko wengine, akaanza kuwaogesha wagonjwa wake kwenye maji ya chumvi. Wengine alilazimika kuwapasua mara nyingi sana, mwaka baada ya mwaka. Lakini jambo lake kubwa zaidi halikuwa la kisu. Aliwaendea wenyeji wa mji, akawaomba wawakaribishe vijana wale majumbani na madukani na wasiwakodolee macho. Wenyeji wakakubali. Mwaka 1941 wagonjwa wakaunda chama chao wenyewe, na vita vilipokwisha kilikuwa na wanachama 649.

Kwa maoni yangu hicho ndicho Wood alichorudi nacho Kenya, zaidi ya namna ya kushona ngozi. Alijifunza kwamba kurudisha uso ni nusu ya tiba, na nusu ya pili ni kumrudisha mwenye uso katikati ya watu.

Aliporudi, alikuwa mpasuaji wa mwanzo kabisa wa fani hiyo kuishi na kufanya kazi Afrika Mashariki. Hebu fikiria eneo lote hilo! Wakati ule hesabu ilikuwa daktari mmoja kwa watu kama 30,000, na madaktari wengi walikuwa mijini. Aliyeungua Turkana au aliyeng'atwa na fisi Umasaini, barabara ya vumbi ilimchukua siku nyingi kufika Nairobi, kama alifika. Walioonekana hospitalini ni waliobahatika, na aghalabu kidonda kilikwisha kukaza kama kilivyokaza kiwiko changu.

Mwaka 1956 watu watatu walikutana kwenye shamba la Wood katika miteremko ya Kilimanjaro, upande wa Tanganyika: Wood mwenyewe, mwalimu wake McIndoe, na Tom Rees, kijana Mmarekani aliyepitia kwa mwalimu huyo huyo. Wote watatu wapasuaji wa plastiki. Walichokubaliana ni rahisi kukisema: ikiwa mgonjwa hawezi kumfikia daktari, daktari amfuate mgonjwa, na amfuate kwa ndege. Mwaka uliofuata, 1957, shirika likaanzishwa Nairobi, likajulikana kama Madaktari wa Ndege, kisha AMREF. McIndoe hakuliona likikua, alifariki 1960.

Wood akajifunza urubani. Hapa ndipo mimi huwa nasimama kidogo. Mpasuaji bingwa, mtu wa makamo, mwenye pumu, anakwenda kukaa darasani kufundishwa kurusha ndege ndogo kwa sababu tu wagonjwa wake wako mbali! Alikuwa akiondoka Nairobi na vifaa vyake, anatua kwenye viwanja vya nyasi ambavyo wenyeji wamevifyeka, wakati mwingine lazima kwanza ng'ombe au punda milia wafukuzwe. Anaingia katika hospitali ndogo ya misheni, za namna tunazozijua hapa Mumias, na wagonjwa wamekwisha kukusanywa wanamngoja. Anapasua wale wanaoweza kupasuliwa pale pale, huku akimwonyesha daktari au muuguzi wa hospitali ile afanyeje akishaondoka. Kisha anaruka kwenda kituo kingine. Kazi ilikuwa ya hisani, mgonjwa hakuulizwa ana nini mfukoni.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakaongeza redio za mawasiliano. Hospitali ya mbali ikawa inaweza kuita Nairobi, kueleza hali ya mgonjwa na kupewa ushauri au kuletewa ndege. Kwa nyinyi mliozaliwa na simu mkononi hilo laweza kuonekana dogo. Kwa muuguzi aliye peke yake jangwani usiku, na mama anatokwa na damu mbele yake, halikuwa dogo hata kidogo.

Sasa niingilie kati na jambo ambalo najua vijana wengine wanaliwaza, maana hata mimi niliulizwa nilipotaka kwenda kupasuliwa. Je, huku si kubadilisha umbile alilotuumba Mwenyezi Mungu? Wanazuoni wametofautisha kati ya kubadilisha kilicho kizima kwa ajili ya urembo tu, na kurekebisha kilichoharibika au kilichozaliwa na dosari inayomdhuru mtu. Hutolewa ushahidi wa sahaba Arfajah bin As'ad, aliyepoteza pua yake katika vita vya Kulab wakati wa ujahilia. Alitengeneza pua ya fedha ikawa inanuka, na Mtume, rehema na amani zimshukie, akamwelekeza atengeneze ya dhahabu, ingawa dhahabu kwa wanaume si ruhusa. Na tusisahau kwamba miaka 1,000 iliyopita huko Andalusia, Al-Zahrawi aliandika kitabu kikubwa cha tiba chenye michoro ya vifaa vya upasuaji, na madaktari wa Ulaya wakakisoma kwa karne nyingi. Kwa hiyo tukimsifu Wood hatusifu kitu kigeni kwetu. Mimi nilifunguliwa bandeji mwezi wa Shaabani, na Ramadhan hiyo nikaweka viganja vyangu vyote viwili chini mbele ya Mola wangu sawasawa.

Turudi kwa daktari. Mambo yake hayakuwa yote ya kupigiwa makofi. Yeye na mkewe walikuwa mstari wa mbele katika Chama cha Capricorn, kilichotaka Waafrika, Wahindi, Waarabu na Wazungu wawe raia wa nchi moja bila ubaguzi wa rangi. Katika Kenya ya miaka ya 1950, na hali ya hatari imetangazwa, Mzungu kusema hivyo ilikuwa kujitafutia maadui miongoni mwa walowezi wenzake. Lakini chama hicho kilitaka kura ipimwe kwa elimu na mali, na wapigania uhuru wakakikataa. Naona walikuwa na haki kukikataa. Mtu mnyimwe shule, halafu muambiwe mtapiga kura mkishasoma? Nia ya Wood ilikuwa njema, ila hesabu ilimpendelea aliyetangulia. Siasa hiyo ikapita. Hospitalini na angani, hata hivyo, aliishi vile alivyokuwa akisema: mgonjwa ni mgonjwa.

Katika miaka ya baadaye alizidi kuona jambo ambalo mpasuaji yeyote mkweli huliona. Unashona leo, kesho wanakuja wengine kumi wenye kidonda kile kile. Mfano mzuri ni Turkana. Huko watu wengi walikuwa wakivimba matumbo kwa uvimbe wa maji unaotokana na minyoo ya mbwa. Wapasuaji wa AMREF waliwapasua kwa miaka mingi, na wagonjwa hawakuisha, kwa sababu mbwa walikuwa bado wanalala ndani na watoto, wanalamba vyombo na kula matumbo ya mifugo iliyochinjwa. Mwaka 1983 ukaanza mpango wa kuukata ugonjwa huo kwenye mzizi: elimu kwa familia, dawa na udhibiti wa mbwa, na kuwapima watu kabla uvimbe haujawa mkubwa. Huko Kibwezi nako shirika likawafundisha wanavijiji wenyewe kuwa wahudumu wa afya. Hivyo shirika lililoanzishwa na wapasuaji watatu likawa linatumia nguvu zake nyingi ili watu wasifike kwenye meza ya upasuaji.

Na mimi kwa mkono wangu huu nasema, hapa kwetu moto tunao wa kutosha. Kuna miwa inayochomwa kabla ya kukatwa, kuna koroboi, kuna mafuta ya taa, na Ramadhan kuna uji na mafuta ya sambusa wakati ambao kila mtu amechoka na saa inamkimbiza. Sufuria isiwekwe chini. Mtoto akiungua, mwagie maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, si barafu, si unga, si dawa ya meno, kisha mfunike kwa kitambaa safi na umpeleke hospitali. Na kidonda kikianza kukaza kwenye kiungo, usingoje kama nilivyongojeshwa mimi.

Susan naye hakukaa bure. Mwaka 1975 alianzisha Karen, Nairobi, karakana ndogo ya kutengeneza shanga za udongo, akaanza na wanawake wawili, wengi waliofuata wakiwa akina mama wanaolea watoto peke yao. Ndiyo Kazuri, ambayo shanga zake zimeuzwa mbali sana duniani.

Wood aliongoza shirika lake mpaka 1985. Umri wake ulikuwa umepita miaka 65, na nadhani hakuna ambaye angemlaumu akipumzika. Badala yake, mwaka huo huo, njaa ya Ethiopia ikiwa imeshtua dunia, alishirikiana na David Campbell kuanzisha shirika jingine, FARM-Africa, la kuwasaidia wakulima wadogo na wafugaji, yaani daktari wa ngozi na nyuso akageukia mashamba na mifugo. Alifariki mwaka 1987. Kitabu chake cha mwisho kilitoka mwaka huo huo, na ndege za wale Madaktari wa Ndege zinaendelea kuruka kutoka uwanja wa Wilson.