Siti binti Saad na Sauti Iliyohifadhiwa

Mwanafunzi, tuseme kwaya ya kijijini Kitanga, wilayani Kasulu, ina kinanda cha umeme. Mpigaji akibonyeza kitufe kimoja, husikika filimbi. Akibonyeza kingine, husikika ngoma. Ukikifungua kinanda hicho hutakuta filimbi wala ngoma. Basi sauti hizo zimewekwa wapi? Ili upate jibu, soma kwanza habari za mwanamke ambaye sauti yake ilihifadhiwa kabla vinanda vya namna hiyo havijabuniwa.

Siti binti Saad alizaliwa kijijini Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880. Wazazi wake walimwita Mtumwa. Baba yake alikuwa na asili ya Unyamwezi, majirani wa Waha upande wa mashariki, na mama yake alikuwa na asili ya Kizigua. Mama alifinyanga vyungu. Binti aliviuza mjini, na sauti yake alipovinadi ilisikika mbali. Shuleni hakupelekwa.

Mwaka 1911 alihamia mjini. Ali Muhsin, mwanamuziki wa kikundi cha Ikhwani Safaa, alimfundisha uimbaji, naye akapewa jina la Siti, yaani bibi mwenye heshima. Kwa kuwa hakujua kusoma, nyimbo zote alizihifadhi kichwani. Kichwa ni ghala kubwa, lakini lina upungufu mmoja: mwenyewe afapo, ghala nalo hupotea, isipokuwa yale aliyowafundisha wengine.

Mwaka 1928 Siti na wapigaji wake walivuka bahari hadi Bombay, India, kurekodi santuri. Hesabu mwenyewe ujasiri wa safari ile kwa mwuza vyungu wa Fumba! Yeye huhesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kurekodiwa hivyo.

Yaliyotendeka huko ni haya. Sauti ni mtikisiko wa hewa. Siti alipoimba, hewa ilitikisa kiwambo chembamba ndani ya kipaza sauti, na mtikisiko ule ukageuzwa kuwa umeme. Umeme uliichezesha sindano iliyochora mfereji mwembamba juu ya sahani ya nta izungukayo. Sauti ikitetemeka, kuta za mfereji nazo zilipinda vivyo hivyo. Kutokana na nta ile kilitengenezwa kigezo cha madini, na kwa kigezo hicho zikachapwa santuri za laki, utomvu utolewao na wadudu wadogo wa India. Upande mmoja wa santuri ulichukua dakika 3 hivi tu. Yeye aliyezoea kuimba hadi usiku wa manane alibidi kuzikata nyimbo zake.

Siti alifariki tarehe 8 Julai, 1950. Mwandishi Shaaban Robert aliandika maisha yake. Lakini kitabu hakiimbi. Mfereji wa santuri ndio unaotuwezesha kumsikia hata leo.

Sasa turudi Kitanga. Kinanda cha umeme hakina mfereji. Kiwandani, filimbi halisi hupulizwa mbele ya kipaza sauti, na mashine hupima mtikisiko wake, kwa kawaida mara 44,100 katika kila sekunde. Kila kipimo huandikwa kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1, katika nafasi 16. Tarakimu hizo hukaa ndani ya vipande vidogo vyenye mamilioni ya vyumba vya umeme. Hali moja ya chumba husomwa 0, nyingine 1.

Sauti za kiwandani huwekwa katika kumbukumbu ya kudumu, isiyofutika kinanda kizimwapo. Kumbukumbu nyingine ni ya muda, nayo husahau mara umeme ukatikapo. Kwa sababu hiyo vinanda vingi vya miaka ya 1980 vilitiwa betri ndogo ndani. Betri hiyo ikiisha, kazi yote aliyoihifadhi mpigaji humo hupotea. Vinanda vya siku hizi vina kumbukumbu inayonasa umeme hata bila betri.

Kinanda pia chaweza kukumbuka tuni bila kuhifadhi sauti yoyote. Hukumbuka kibao kilichobonyezwa, nguvu ya kidole, na wakati wa kukiachia. Mwaka 1983 watengenezaji walikubaliana lugha moja ya namba kwa kazi hii, iitwayo MIDI. Kubonyeza kibao huandikwa kwa namba 3, na kukiachia kwa namba 3. Njia hii haigharimu nafasi kubwa, lakini isingetufaa kwa Siti, maana hukumbuka vidole, si pumzi wala koo.

Kokotoa: wimbo wa dakika 3, uliopimwa mara 44,100 kila sekunde, una vipimo vingapi? Kisha tafuta tuni yenye noti 500, iliyohifadhiwa kwa lugha ya namba, huhitaji namba ngapi.