Joseph Wolpe: Daktari aliyeitibu hofu kidogo kidogo

Unaogopa nyoka, lifti au ndege mpaka jasho linakutoka? Kuna tiba yake, na aliyeianzisha ni Mwafrika Kusini, Joseph Wolpe, aliyezaliwa Johannesburg mwaka 1915.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa daktari wa jeshi. Askari walioathirika kiakili na vita walipewa dawa ili wafunguke na kusimulia yaliyowapata. Walisimulia, lakini wengi hawakupona. Hilo lilimsumbua Wolpe.

Vita vilipoisha akafanya majaribio kwa paka waliotiwa hofu kwa shoti ya umeme. Aliwalisha kwenye chumba kingine, kisha vyumba vilivyozidi kufanana na kile cha shoti. Taratibu hofu ikaisha.

Kwa binadamu, badala ya chakula akatumia kulegeza misuli. Mgonjwa anaorodhesha hofu zake, ndogo hadi kubwa. Akishatulia, anaiwaza ile ndogo kwanza. Akiizoea, anapanda ngazi inayofuata.

Mwaka 1958 alitoa kitabu kuhusu tiba hiyo, na 1960 akahamia Marekani. Alifariki 1997, lakini ngazi zake watu wanazipanda mpaka leo.