Profesa Aliyepewa Timu ya Mpira

Mwaka jana nilikwenda mazoezi ya kufundisha kwenye shule moja ya kata mkoani Kagera. Mwalimu wa fizikia nikawa mimi peke yangu, na wiki ya pili nikakabidhiwa timu ya mpira. Nilicheka, lakini usiku ule nilimkumbuka Abdus Salam.

Salam alizaliwa 1926 na kukulia Jhang, mji ambao sasa uko Pakistan. Akasoma Cambridge, aking'ara kwelikweli, na mwaka 1951 akarudi nyumbani kuwa profesa wa hisabati chuoni Lahore. Huko utafiti haukuwepo, na wa kubishana naye hakuwepo. Akatakiwa achukue kazi ya ziada. Akaangukia timu ya kandanda. Safari moja alikwenda Bombay kuonana na mwanafizikia Wolfgang Pauli, na aliporudi akapata msukosuko kwa kuondoka bila ruhusa. Yaani kosa ni kutafuta mtu wa kuzungumza naye fizikia!

Mwaka 1954 akafungasha, akarudi Cambridge. Wapo wanaomlaumu. Mimi siwezi, maana hakuwasahau waliobaki. Alihangaika miaka kadhaa, huku baadhi ya nchi tajiri zikisitasita, hadi 1964 kikafunguliwa Kituo cha Kimataifa cha Fizikia ya Nadharia mjini Trieste, Italia.

Mpango wake ninaoupenda ni ule wa washirika. Mhadhiri wa nchi maskini anateuliwa kwa miaka kadhaa. Katika kipindi hicho anakwenda Trieste mara kwa mara, wiki kadhaa au miezi michache, kwa gharama za kituo. Anahudhuria mikutano, anasoma maktaba, anakosolewa ubaoni na wanaojua zaidi yake. Halafu anarudi kwa wanafunzi wake, hahitaji kuhama nchi ili abaki mtafiti. Najua kuna makongamano ambayo watu hufuata posho tu. Haya si hayo.

Mwaka 1979 Salam alipata tuzo ya Nobel pamoja na Sheldon Glashow na Steven Weinberg, kwa kuunganisha nadharia ya sumakuumeme na ile ya nguvu hafifu ya nyuklia. Alifariki 1996.

Mwaka 2018 kituo chake kilipata mshirika Kigali, taasisi ya utafiti wa msingi ya Afrika Mashariki, ndani ya Chuo Kikuu cha Rwanda. Nilipoangalia ramani nikashangaa: kutoka ile shule yangu, Kigali ni karibu kuliko Dar es Salaam.