Kapteni Joubert na Boma la Mpala

Maji ya mto Ruzizi yatokayo katika ziwa letu la Kivu hushuka mpaka ziwa Tanganyika. Ukishika ufuko wa magharibi wa ziwa hilo, ukaenda kusini kuipita Kalemie, utafika Mpala. Huko aliishi Leopold Louis Joubert.

Alizaliwa Saint-Herblon, Ufaransa, tarehe 22 Februari 1842. Angali kijana aliingia jeshi la Baba Mtakatifu, akajeruhiwa katika vita vya Castelfidardo mwaka 1860, na baadaye akawa kapteni. Mwaka 1870 Roma ilitekwa, na jeshi lile likavunjwa. Miaka kumi baadaye alikuja Afrika pamoja na Mapadri Weupe, ili awalinde.

Boma la Mpala hakulianzisha yeye. Lilijengwa mwaka 1883 na Mbelgiji Émile Storms, mjumbe wa shirika la Mfalme Leopold II, na mwanzo wake haukuwa mwema: mwaka 1884 watu wa Storms walimwua mtemi Lusinga, na fuvu lake likapelekwa Ulaya. Mwaka 1885 mapadri walikabidhiwa boma, na mwaka 1887 Joubert akafika kulishika.

Kuta zile zilihitajiwa kweli. Ng'ambo, Ujiji, alikaa Rumaliza, yaani Muhammad bin Khalfan, na watu wake walivuka ziwa kutafuta pembe na watumwa. Wanyonge walikimbilia Mpala, kama vile wanavijiji wa Transilvania zamani walivyojificha ndani ya kuta za makanisa yao waliposhambuliwa. Joubert aliwafundisha vijana wenyeji kazi ya ulinzi, akajenga ngome nyingine, Saint-Louis ya Mrumbi. Walikaa katika dhiki mpaka mwaka 1891, msafara wa Kapteni Jacques ulipowafikia kuwasaidia.

Mwaka 1888 alimwoa Agnes Atakaye, binti wa nchi hii, kwa ndoa ya kanisani. Siku zile Wazungu wengi walikaa na wanawake bila kuwaheshimu hivyo, na mimi jambo hili nalithamini kuliko vita vyake vyote.

Hata hivyo, si jambo jepesi misheni kushika bunduki. Aliyewakinga watu ndiye pia aliyewatawala na kuwahukumu. Watoto waliokombolewa kwa mali walikulia chini ya amri ya wamisionari, mbali na ukoo wao. Kardinali Lavigerie alitumaini kuona ufalme wa Kikristo kandokando ya ziwa. Iliyokuja ni Dola ya Leopold, pamoja na ukatili wake.

Wanafunzi wangu huniuliza kama Joubert alikuwa askari ama mmisionari. Huwaambia habari za uzee wake. Mwaka 1910 aliiacha Mrumbi, akahamia Misembe, karibu na Moba. Macho yake yalipofuka. Alifariki huko tarehe 27 Mei 1927, mwenye umri wa miaka 85, baada ya kukaa miaka arobaini kando ya ziwa.