Habari za Ezekieli, Kuhani Aliyeliona Hekalu kwa Njozi

Mwaka 597 kabla ya Kristo Nebukadreza, mfalme wa Babeli, aliushinda mji wa Yerusalemu, akamchukua mfalme Yehoyakini pamoja na wakuu, mashujaa na mafundi wake. Katika mateka hao alikuwamo kijana wa ukoo wa makuhani, jina lake Ezekieli, mwana wa Buzi. Sisi tukaao Mtwara, Mikindani na kando ya kinywa cha Ruvuma hatuna haja ya kuelezwa sana maana ya kuhamishwa kwa nguvu. Njia za misafara ya watumwa kutoka Nyasa zilishukia pwani yetu, na wale waliokombolewa ambao Askofu Steere alitoka nao Unguja mwaka 1876, akitaka kuwarudisha kwao bara, walifika Masasi wakajenga hapo. Lakini mateka wa Yuda hawakuuzwa mmoja mmoja. Waliwekwa pamoja kando ya mifereji, wakalima na kulipa kodi. Vibao vya udongo vilivyochimbuliwa katika nchi ya Iraki vinavitaja vijiji vyao, na vingine vinaandika hata kipimo cha mafuta aliyopewa Yehoyakini na wanawe watano.

Ezekieli alikaa Tel-abibu, karibu na mto Kebari. Kitabu chake chaanza kwa kuutaja mwaka wa 30, na wafasiri wengi huuhesabu kuwa umri wake. Ikiwa ndivyo, alizaliwa karibu na mwaka 622, yaani mwaka ule ule ambao kuhani Hilkia alikiona kitabu cha torati hekaluni, na Shafani mwandishi akakisoma mbele ya mfalme Yosia. Mfalme akararua mavazi yake. Akavitoa vyombo vya Baali na Ashera, akaviteketeza nje ya mji katika mashamba ya Kidroni. Akawaondoa farasi waliowekwa wakfu kwa jua. Akapatia unajisi Tofethi, mahali watu walipowapitisha watoto wao motoni. Basi Ezekieli alilelewa katika mji uliokwisha kufagiliwa. Katika torati miaka 30 ndio umri wa kuanza utumishi wa patakatifu, na alipoufikia umri huo, mwaka 593, alikuwa mbali na hekalu, ukingoni mwa mfereji wa Wakaldayo. Huko ndiko alikouona utukufu wa Bwana ukija juu ya magurudumu, katika nchi ambayo kila mtu aliidhani kuwa ni ya miungu mingine.

Mwaka uliofuata, mwezi wa sita, alikuwa ameketi nyumbani mwake, na wazee wa Yuda wameketi mbele yake. Ndipo Roho alipomchukua kwa njozi mpaka Yerusalemu, hata ndani ya nyua za hekalu. Penye lango la kaskazini aliiona sanamu ya wivu. Kisha akaonyeshwa tundu ukutani, akaambiwa alichimbue, akaingia kwa siri. Tazama, kuta zote pande zote zimechorwa vitu vitambaavyo na wanyama wa machukizo, na mbele yake wamesimama wazee 70 wa Israeli, kila mmoja na chetezo chake mkononi, na moshi wa uvumba unapanda gizani. Akatolewa hapo, akawaona wanawake wameketi wakimlilia Tamuzi, mungu wa Babeli. Mwisho, kati ya ukumbi na madhabahu, akawaona watu wapata 25 wamelipa hekalu kisogo, wanalisujudia jua upande wa mashariki.

Katika wale wazee 70 mmoja tu anatajwa kwa jina: Yaazania, mwana wa Shafani. Wengi hudhani kuwa huyo Shafani ndiye mwandishi yule yule aliyemsomea Yosia kitabu. Nyumba yake ilikuwa ya heshima kubwa. Ahikamu mwanawe alimwokoa Yeremia asiuawe. Gemaria, mwanawe mwingine, alimsihi mfalme Yehoyakimu asilichome moto lile gombo la maneno ya Yeremia. Mwaka 1982 wachimbaji walikiona huko Yerusalemu kipande cha udongo chenye mhuri wa Gemaria mwana wa Shafani. Na ndugu yao, ikiwa ni wa baba huyo, asimama gizani na chetezo!

Tujiulize walisukumwa na nini. Njozi yenyewe yatoa sababu: walisema mioyoni mwao kwamba Bwana ameiacha nchi, wala hawaoni tena. Hawakuwa wajinga wa torati. Walikuwa watu walioshindwa vitani wakaogopa, wakatafuta walinzi wengi kadiri walivyoweza, ili akikosa huyu apatikane yule. Mzee wa kanisa afungaye hirizi chini ya shati lake, au aendaye kwa mganga usiku baada ya kuongoza sala jioni, hatofautiani nao sana, naye pia huchagua giza. Wageni wengine walipokiona kinyago cha mapiko cha Wamakonde walidhani wamekwisha kuiona sanamu ya kuabudiwa. Sisi twaona walitazama mahali pasipo. Katika njozi ile hukumu haikuanza kwa wachongaji. Ilianza kwa wazee waliosimama mbele ya nyumba, baada ya mtu mwenye kidau cha wino kuwatia alama vipajini wale waliougua kwa sababu ya machukizo hayo.

Kisha utukufu wa Bwana ukaondoka hekaluni, ukasimama juu ya mlima ulio mashariki ya mji. Hata huko Tel-abibu wazee walipokuja kumwuliza Bwana, Ezekieli aliambiwa kwamba hao nao wamesimamisha sanamu mioyoni mwao. Nyundo ya Yosia haikufika huko.

Siku ile jeshi la Babeli lilipouzingira Yerusalemu, Ezekieli alijulishwa papo hapo ugenini. Mkewe, aliyempenda kama mboni ya macho, akafa jioni. Akakatazwa kulia, akafunga kilemba chake na kuvaa viatu vyake, bila matanga, awe ishara kwa watu ambao msiba wao ungepita kilio. Miezi mingi baadaye akaja mtu aliyeponyoka, akaleta habari kwamba mji umepigwa, na kinywa cha nabii kikafunguliwa.

Mwaka 573 alionyeshwa hekalu jipya, akapimiwa kila mlango kwa mwanzi, akauona utukufu ukirudi kwa lango la mashariki. Neno lake la mwisho lenye tarehe ni la mwaka 571. Kaburi liitwalo lake liko Al-Kifl, kusini ya Babeli, na Wayahudi wamelizuru kwa karne nyingi. Waislamu nao hulizuru kuwa la Dhulkifli, ambaye jirani zetu wa Mikindani humsoma katika Kurani.